Hasira za Riziki Ni za Nani

Jumamosi, 2 Novemba

Kinondo, pilau la arusi. Kuni zilikubali. Nyama ilikuja na mifupa mingi kuliko tulivyoagana na mwenye bucha, na Jumatatu atanisikia. Riziki nilimwachia sufuria kubwa peke yake. Mimi nikakaa na kachumbari na maneno ya watu.

Wali haujakauka, mjomba mmoja wa bwana arusi akaja akafunua kifuniko achungulie. Riziki akamnyooshea mwiko, akamwambia kama ana njaa angekula kwao kwanza. Mtu mzima yule, ana mvi. Akarudisha kifuniko polepole akaenda zake. Wanawake wakacheka. Mmoja nyuma yangu akasema, wala hakupunguza sauti, "Damu ya Bakari Sururu hiyo, haifichiki."

Nikajifanya naonja chumvi.

Nimezoea. Riziki hakutoka tumboni mwangu na Msambweni nzima inajua, mwenyewe akiwa wa kwanza. Mamake, Saumu, alikuwa jirani yangu. Alifariki akimzaa. Mimi nilikuwa namnyonyesha Juma wangu, nikampa na yeye ziwa la pili. Babake, Bakari, alikuwa mchonga mawe machimboni. Haukupita muda akampiga nyapara wake kwa sururu, akafungwa. Hakurudi tena. Jina la Sururu ndilo lililobaki, na mtoto.

Kila Riziki akipandisha, watu hutaja damu. Leo imeniuma zaidi kwa sababu ya posa. Salimu wa Ramisi, fundi wa umeme katika hoteli moja kule Diani, kijana mpole, alileta washenga na tumekubali. Nikaha ni Ijumaa ya tarehe 22. Nataka jambo hili lipite salama. Nalitaka kuliko nilivyoitaka arusi yangu mwenyewe.

Jumatatu, 4 Novemba

Hamisi alikwenda kwa imamu baada ya adhuhuri kupanga nikaha. Amerudi amejikunja. Mume wangu si mtu wa maneno mengi siku zote, lakini leo hakuwa na hata moja. Nimemtoa habari kama mtu anayetolewa mwiba wa samaki kooni.

Hawezi kuwa walii. Imamu amemwambia kwa heshima zote: malezi ni thawabu kubwa, na kunyonya kumewafanya mahramu, lakini anayemwozesha binti ni babake wa damu maadamu yu hai. Na Bakari yu hai. Imamu mwenyewe anajua aliko. Yuko Vanga, analima mpunga.

Je, sisi hatukujua? Sheria tuliijua, tukaisukuma kwa mguu chini ya kitanda. Tulijiambia labda mtu mwenyewe amekwisha kufa. Astaghafirullahi, nadhani mimi nilitumai hivyo.

Hamisi ameketi barazani tangu alasiri, anatengeneza redio ambayo haijaharibika. Ndiye aliyembeba Riziki mgongoni kwenda chuoni kusoma Kurani siku za mvua ili juzuu yake isilowe. Leo ameambiwa hana sauti. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Sheria ya Mungu siigombi. Basi namkasirikia Bakari.

Jumatano, 6 Novemba

Siku mbaya.

Bi Zuhura, mamake Salimu, amekuja kutoka Ramisi bila kututumia salamu kwanza. Nikajua kuna jambo. Amesikia walii anatafutwa, na amesikia ni nani. Wakati wa posa tulisema binti ni wetu wa kulea, wazazi wake hawapo. Hatukusema uongo. Ukweli pia hatukuumaliza.

Alizungumza taratibu, kwa adabu zote, na adabu yake ndiyo iliyonichoma. Riziki hana ila. Anapika, anaswali, anajisitiri. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka, na hasira ya mkono imo damuni, yeye ameiona kwa macho yake. Ana mtoto mmoja tu duniani. Anaomba tumpe muda.

Nilikuwa napanga jibu la heshima. Riziki alikuwa uani anakamua tui, akasikia yote. Akaingia na kifumbu mkononi, tui linamdondoka hadi kwenye mkeka, hana shikamoo hana nini. "Basi, Bi Zuhura, mtafutie mwanao mke aliyeshuka mbinguni, asiye na baba." Na akabaki amesimama pale, anangoja ajibiwe.

Bi Zuhura akavuta buibui lake akainuka. Kahawa hajaigusa. Mgeni kutoka kwangu na kahawa imejaa kikombeni, halijanifika hilo tangu niolewe.

Nikamfokea Riziki. Akanifokea. Hamisi akaenda msikitini na adhana bado kabisa.

Alhamisi, 7 Novemba

Hatusemezani. Anafagia, mimi nachambua mchele, nyumba nzima ni ufagio na ungo.

Nimewaza siku nzima. Juma na Riziki wamenyonya ziwa moja, wamekua nyumba moja, wamekula kofi la mama mmoja. Juma ni maji ya mtungini. Utotoni akinyang'anywa embe alikuwa anamwachia mwenziwe hata kokwa. Sasa yuko Doha kikazi na nina hakika wanamwonea. Riziki ni moto wa makuti. Kama ni malezi, mbona hawakutoka sawa? Na mkono wa kushoto je? Nilimfunza kula kwa kulia, akafunzika. Kingine chochote, kisu, mwiko, ufagio, ni kushoto. Kwetu hakuna wa kushoto, kwa Hamisi hakuna, na Saumu namkumbuka akitwanga, alikuwa wa kulia.

Kwa hiyo labda wanasema kweli. Naliandika hapa kwa kuwa mdomoni halitoki: labda nimelea cha mtu, kikabaki cha mtu.

Salimu alipita akitoka kazini. Akaniamkia, akakaa mkekani. Anamtaka Riziki na hataki mwingine. Lakini haoi bila radhi ya mamake. Nilitaka kumwita mwoga. Baadaye nikafikiri, mwanamume anayeogopa chozi la mamake ana ubaya gani? Nikampa chai na mahamri mawili ya jana. Riziki hakutoka chumbani, lakini nilimsikia amesogea karibu na pazia.

Jumamosi, 9 Novemba

Hitima, hapa hapa Msambweni. Mwuza kuni ameniletea kuni mbichi zinazotoa maji kwenye ncha. Nikamwambia hizi si kuni, hizi ni mboga, azifunge mafungu akaziuze sokoni. Nilimwambia na mengine. Akazipakia zote tena kwenye mkokoteni na jasho linamtoka.

Njeri akaanza kucheka mpaka akaangusha vitunguu. Njeri ni msaidizi wangu, alitoka Murang'a akifuata kazi za hoteli, hoteli zikalala msimu mmoja, akaja kwenye sufuria zangu na hajaondoka. Kiswahili chake ni cha kwao lakini macho yake ni mazima. "Mathe, kumbe! Huyu Riziki si wa Bakari wala wa nani. Ni wewe tupu." Na akasimama katikati ya watu akatuigiza. Mkono kiunoni, shingo upande, mwiko mbele ya pua ya mtu. Kwanza mimi. Kisha Riziki. Sikuona tofauti. Wanawake walicheka hadi mwenye hitima akatuma mtu kutunyamazisha.

Nikacheka nami, maana ningefanyaje.

Nilipofika nyumbani nikamwuliza Hamisi kama ni kweli.  Akasema, "Mimi nilidhani unajua."

Nimekaa na neno hilo. Riziki hajawahi kumwona Bakari. Hajui hata anavyokohoa. Mimi amenitazama kila siku tangu akiwa anatambaa kati ya mafiga yangu. Mwiko ule ameuona mkononi mwangu, na maneno yale ameyasikia kinywani mwangu. Watu wanaelekeza kidole Vanga na mwenyewe niko hapa na mwiko.

Nimeona haya. Na nisiseme uongo, nimefurahi pia. Nimefurahi sana.

Jumanne, 12 Novemba

Vanga. Tumerudi na tope hadi magotini, pikipiki zilitushusha mara mbili tuvuke maji kwa miguu. Jana Riziki aliapa haendi. Alfajiri tulimkuta amekwisha vaa, amekaa mlangoni anatungoja sisi.

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Yote yamepotea. Nilitarajia jibaba la mabega. Bakari ni mtu mwembamba, kofia yake imefuliwa hadi imekuwa laini kama kitambaa cha mtoto, na sauti yake ni ya chini mno, ilibidi tuiname ili tumsikie. Riziki alisimama kizingitini. Bakari hakumsogelea. Alimgeukia Hamisi, akamwomba ruhusa amtazame.

Hapo ndipo nilipotafuta leso nijifute.

Alituhadithia bila kuulizwa. Siku ya uchungu wa Saumu aliomba ruhusa machimboni arudi nyumbani. Nyapara akamnyima, akamwambia wanawake huzaa kila siku. Alipofika jioni, Saumu amekwisha funikwa. Matanga yakapita, akarudi kazini kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Nyapara akamwuliza mbele ya watu kama sasa amepumzika vya kutosha. Akainua sururu. Alimpiga kwa mpini, akamvunja mkono. "Nilipiga mara moja tu. Kabla ya hapo sijawahi, na baada ya hapo sijawahi. Mpaka leo najiuliza aliyepiga ni mimi au ni siku ile."

Mimi nilikuwa mlango wa pili. Nilimwosha Saumu kwa mikono hii. Na sikujua kwamba mumewe aliomba ruhusa akanyimwa. Hakuna aliyeuliza. Tulipewa neno sururu, likatutosha.

Hamisi akamwuliza mbona hakuja kumwona mtoto. Alisema alipotoka alisikia mtoto ana mama na baba. Akaona akija atamletea jina lake tu, na jina lenyewe lilikuwa baya.

Akatuangulia madafu. Akashika panga kwa mkono wa kushoto. Riziki akautazama mkono ule, akautazama wake. Nimemlea binti huyu tangu ana saa chache duniani na sijapata kumwona amekosa la kusema. Leo alikosa. Baadaye akauliza jambo moja, mamake alikuwaje. Bakari akasema alikuwa anaimba vibaya na haambiliki. Riziki akacheka, na Bakari akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiye na mazoea.

Kuhusu nikaha, anakubali. Ila amesema hataki kusimama mbele ya watu kumtoa binti ambaye hakumtia tonge mdomoni. Sheria inamruhusu walii kumweka mtu awe wakili wake, na yeye anamweka Hamisi. Hamisi wangu akataka kushukuru. Aliinua dafu lake akalinywa na lilikuwa tupu.

Mke tunaye, walii tunaye. Mama mkwe ndiye hatunaye.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda Ramisi peke yangu. Riziki na Hamisi niliwaambia nakwenda kutafuta bizari.

Bi Zuhura alikuwa anapukuchua kunde. Akanikaribisha vizuri, hakununa. Nikavuta kibao nikashika kunde nami. Njia nzima nilikuwa nauma ulimi ili uzoee.

Nikamweleza yote ya Vanga. Kisha nikamwambia lililonipeleka: mdomo ule uliomtusi nyumbani kwangu si wa Bakari, ni wangu. Riziki ameuchukua kwangu kama alivyochukua mapishi. Akiukataa, anikatae mimi, asimsingizie mtu wa Vanga ambaye huwezi kumsikia bila kuinama.

 Ndipo nikamwuliza Salimu amefanana na nani. Wallahi sikuuliza kwa ubaya. Habari za marehemu mumewe nilikuwa nazo kidogo, kwamba alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mikono yake ikasimama. Akasema, uso ni wa babake. Mabega ni ya babake. Hata mwendo. Tangu kijana akiwa mdogo, yeye mama anaitazama mikono ya mwanawe. Mlango ukijibamiza kwa upepo, moyo wake hudondoka. Amengoja siku ile ifike, miaka yote, na haijafika. Salimu hajamwinulia mkono hata paka.

"Sikulala, Bi Mishi," akaniambia. "Kila akigombana na mwenziwe nilimkalisha, tukazungumza mpaka yaishe. Kila siku."

Nikamwambia, kwa hiyo ulimlea.

 Tukapukuchua zilizobaki. Nilikuwa na mengi zaidi ulimini, wallahi nilikuwa nayo, na yote yalikuwa mazuri ya kusema. Nikayameza. Alinisindikiza hadi barabara kuu, neno la ndiyo hakunipa, la hapana hakunipa.

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua. Hakuna shughuli. Hakuna simu kutoka Ramisi.

Simlaumu Bi Zuhura. Jana nilikuwa simlaumu pia, lakini leo mchana nilimlaumu kidogo nikiwa naosha sufuria.

Naogopa. Riziki amekonda uso.

Jumatatu, 18 Novemba

Riziki alitoka baada ya chai bila kuaga. Adhuhuri ikapita, alasiri ikaingia. Simu yake imezimwa. Hamisi ametembea kutoka mlangoni hadi mwembeni hadi nikamwambia aketi, ananichosha macho.

Akarudi kabla ya magharibi. Alikuwa Ramisi. Alikwenda kuomba radhi, peke yake, hakumwambia hata Salimu. Nikataka kujua alisema nini, akasema nini mwenzake, alikaa wapi, alipewa nini. Hakunipa hata moja. Akavua buibui, akanywa maji bilauri nzima, ndipo akasema, "Bi Zuhura anauliza nikaha ni baada ya swala ya Ijumaa au alasiri. Anataka kujua aje na watu saa ngapi."

Nikaenda uani nikajifanya natazama kuku. Nililia kama niliyefiwa. Hamisi akanifuata, akasimama kando yangu, akawatazama kuku naye.

Ijumaa, 22 Novemba

Alhamdulillahi. Imepita.

Walinikataza kupika. Njeri ndiye aliyeamrisha sufuria, na alikuwa na sauti ya kutisha, najua alikoitoa. Pilau lilipungukiwa chumvi. Sikusema. Mtu aliniuliza mbona niko kimya, nikasema niko sawa.

Wanaume msikitini, sisi nyumbani na kipaza sauti dirishani. Bakari alikuja jana na gunia la mchele wa shamba lake na kanzu aliyoazima, inamburura. Imamu akamwuliza. Sauti yake ilitoka ndogo hadi imamu akamwomba arudie. Akarudia: amemweka Hamisi, aliyemlea, awe wakili wake amwozeshe binti yake Riziki. Nyumba nzima ya wanawake ikanyamaza, hata wale walioleta jina la Sururu arusini Kinondo. Halafu sauti ya Hamisi. Ilianza inatetemeka, ikanyooka katikati. Bi Zuhura alikuwa ubavuni mwangu. Alinishika kifundo cha mkono na hakukiachia hadi Salimu alipojibu kwamba amekubali.

Kisha vigelegele. Vyangu vilikuwa vya juu kuliko vya wote, sina haya.

Riziki aliketi na hina yake, ametulia, anapendeza hadi nikaogopa kumtazama sana. Nilimtazama hivyo hivyo.

Bakari na Hamisi walikula sinia moja. Niliwachungulia. Hakuna aliyekuwa anazungumza, na wote wawili walionekana wameridhika.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua imekatika tangu asubuhi. Nimeanika bizari.

Riziki amepiga simu kutoka Ukunda, wamepanga chumba karibu na kazini kwa Salimu. Anaendelea vizuri. Jirani wa ukuta wa pili anapiga muziki na watoto wake hawaamkii watu. Maji yanatoka siku moja, siku moja hayatoki.

Wamegombana tayari. Salimu aliuacha mlango wazi, paka akala samaki. Riziki anasema maneno yalimjaa mdomoni, yote, na mkono ulikwisha fika kiunoni. Akatoka nje akasimama karibu na kamba ya nguo mpaka yakashuka. Aliporudi Salimu alikuwa anakaanga mayai.

Nikamwambia hilo hakulipata kwangu. Akasema najua, mama, nimelipata kwa baba.

Sikumwuliza baba yupi.